Gundi ya Ba'mdogo na Tepi Yangu

Jumatatu, 3 Machi

Yamenifika hapa! Leo yule mwalimu mwenye gari jeupe amerudi. Vizuia mvua vya madirisha, vile vya plastiki tulivyombandikia mwaka jana, kimoja kimepasuka, akataka kitolewe. Ba'mdogo akashika, akavuta. Kikatoka — na rangi yake! Chuma kitupu juu ya mlango mzima, upana wa kidole. Mwalimu akainama kutazama. Ba'mdogo naye bila haya: rangi yenyewe mbovu, mwalimu.

Nikasema si rangi, ni gundi. Nilisema kwa sauti. Karakana nzima ilisikia.

Supaglu! Kila kitu kwake ni supaglu. Kizuia mvua, supaglu. Kibawa cha nyuma, kile cha juu ya buti, supaglu, na kikigoma, keekee na skrubu. Fundi Rangi wa banda la pili nusu ya kazi zake zinatoka kwetu. Ndiyo maana anatusalimia kwa furaha vile kila asubuhi.

Ba'mdogo akaniambia nirudi kaunta nikauze mazulia ya gari na vikopo vya manukato. Nikasema sirudi. Mimi! Neno lilishatoka. Tangu saa hiyo naitwa Profesa Gundi. Waite tu.

Jumanne, 4 Machi

Amekuja Mama Mkunga. Amestaafu sasa, lakini nusu ya watu wa mtaa huu walipokelewa na mikono yake, mimi nikiwemo. Hakosi kunikumbusha mbele za watu kwamba nilitanguliza miguu. Anataka vizuia mvua vinne.

Gari lake si kijani, si bluu. Marehemu mumewe alikuwa akipaka magari rangi, na hiyo aliichanganya mwenyewe, hakuandika vipimo popote. Fundi Rangi aliwahi kuitafuta mara tatu, akasalimu amri. Mama akaweka kiganja juu ya boneti, akasema hii ikibanduka, mwanangu, hakuna duka la kuinunua tena.

Ba'mdogo: usiwe na wasiwasi mama, supaglu, dakika tano tu.

Nikadakia. Supaglu haigusi gari hili, ng'o! Sijui ujasiri niliutoa wapi. Mama akatutazama mmoja mmoja kama tuko wodini. Akasema atapita Jumatatu, tukubaliane kwanza wenyewe.

Basi tumekubaliana — kwa kelele. Nyuma ya choo kuna mlango wa gari bovu, rangi yake bado nzima. Tumeuegemeza ukutani juani. Upande wa kushoto vipande vitatu vya plastiki: kimoja kwa supaglu, kimoja kwa silikoni, kimoja kwa ile gundi kali ya kuchanganya chupa mbili. Kila kipande kinaning'iniza chupa ya maji ya lita moja. Upande wa kulia ni wangu. Tepi ya pande mbili, ile ya kijivu iliyokolea, nene kama sponji. Siyo ile nyeupe ya kubandikia picha ukutani. Ile jua likiwaka inalainika na kuteleza yenyewe. Yangu nitaibandika kesho, jua likishapasha chuma.

Masharti: ikianguka kabla ya Jumatatu, narudi kaunta na gari la Mama linapigwa supaglu. Isipoanguka, na ikitolewa ising'oe rangi, kazi zote za kubandika ni zangu. Ba'mdogo akacheka, akanipa mkono. Nimeuminya hasa.

Nyumbani mama kaniambia nimheshimu ba'mdogo wangu, kwamba tangu baba afariki ndiye aliyebaki. Namheshimu. Gundi yake ndiyo siiheshimu.

Jumatano, 5 Machi

Nimebandika saa nne asubuhi. Nimekandamiza nikihesabu hadi thelathini. Imeshika. Ba'mdogo amepita mara tano akijifanya anatafuta spana.

Alhamisi, 6 Machi

Imeanguka!!

Nimeikuta chini, chupa imepasuka, na wote wamesimama duara wanavunjika mbavu. Ba'mdogo alishaniwekea kiti cha kaunta pale mlangoni, na zulia moja juu yake limekunjwa vizuri. Machozi yalinijaa. Nikayarudisha yalikotoka. Nikachutama, nikaushika mlango. Unateleza! Nikanusa. Polishi!

Povu akawa anaangalia viatu vyake. Huyu ni mwosha magari wetu, mtu mzima mwenye wajukuu, mikono yake haijui kutulia. Nikauliza nani kapaka polishi hapa. Akakohoa. Kumbe Jumanne jioni aliona upande wangu una vumbi, akaona aibu kwa ajili yangu. Mlango wa mashindano uwe mchafu? Akaupiga polishi mara mbili. Mara mbili!

Nilitaka kumnyonga. Nikashindwa, nikacheka. Alikuwa ananisaidia, masikini!

Nikamgeukia Ba'mdogo. Juu ya polishi hakishiki kitu, nikamwambia, hata hiyo supaglu yako, njoo ujaribu. Akajaribu palepale, na kifua mbele. Akasubiri. Kipande chake nimekibandua kwa ukucha wa kidole gumba. Laiti ningekuwa na picha ya ule uso.

Akakubali, upande wangu tumeanza upya. Maji na sabuni, kisha spiriti, kitambaa kipya, na asiguse mtu. Povu amejitolea kuwa mlinzi. Kiti cha kaunta nimekirudisha mwenyewe, kwa kukiburuta, wasikie.

Jumamosi, 8 Machi

Jana jua la kuchoma. Leo mvua tangu alfajiri. Ipo! Chupa haijashuka hata unywele.

Jumatatu, 10 Machi

Mama Mkunga alikuja saa tatu kamili, akaomba kiti, akakaa mbele ya mlango.

Tukaanza na supaglu. Ba'mdogo mwenyewe akavuta. Ilikuwa imeshika kweli, simnyimi haki yake. Kikatoka na rangi, kama kwa mwalimu vilevile. Gundi ya chupa mbili ikatoka na rangi na kipande cha plastiki pia. Silikoni haikung'oa kitu, lakini imeacha utelezi wa mafuta, na Fundi Rangi akasema hapo hata yeye akipaka rangi haishiki.

Ikaja zamu yangu. Nilikuwa nimeazima mashine ya kukausha nywele kwa dada wa saluni. Wakacheka. Unaisuka au unaibandua? Nikapasha taratibu mpaka tepi ikalegea. Nikapitisha uzi wa nailoni nyuma yake, kushoto kulia, kushoto kulia. Plastiki ikabaki mkononi mwangu. Masalio nikayasugua kwa kidole gumba, yakajiviringa, yakadondoka. Nikamalizia na spiriti.

Fundi Rangi akavaa miwani. Akapitisha ukucha, akainamisha kichwa, akaangalia kwa upande wa mwanga. Haijaguswa, akasema. Hakuonekana kufurahi sana, na namwelewa!

Ba'mdogo: mlango si gari.

Mama Mkunga akasimama. Akamjibu Ba'mdogo huku ananitazama mimi, kwamba gari lake atalishika huyu. Kisha akaongeza, kwani yeye ndiye aliyenipokea, anajua ubishi wangu ulikoanzia. Nimecheka mpaka kifua kimeuma. Nimeshinda! Sitajificha, nimefurahi sana.

Jumanne, 11 Machi

Furaha siku moja tu. Leo nimemweleza Ba'mdogo kwamba gari likishabandikwa lilale ndani siku nzima. Halisogei, halimwagiwi maji, madirisha hayashushwi. Tepi inataka muda ishike kabisa.

Akanikatalia kabla sijamaliza. Hapa kuna desturi. Kila gari likimalizwa linaoshwa kwa mpira wa maji na kuegeshwa mbele barabarani siku hiyohiyo, wapita njia walione likimeremeta. Tunaita kuanika kazi. Walianzisha yeye na baba, wakiwa na jeki moja na mwavuli. Akasema baba yako hakuwahi kuficha kazi ndani.

Hilo limeniuma. Anajua pa kubonyeza. Nimemjibu kwamba baba hakuwa na tepi hii, angekuwa nayo angesubiri. Sina hakika. Nimesema hivyohivyo.

Jumatano, 12 Machi

Naandika nikiwa ndani ya gari la Mama Mkunga. Ndiyo, ndani. Milango nimeifunga, ufunguo uko mfukoni mwangu.

Asubuhi gari limeletwa linang'aa kama kioo. Polishi! Gari zima! Mama kasema haliendi kwa fundi likiwa chafu, ni utovu wa adabu. Nikamwangalia Povu, Povu akaangalia mawingu. Kwa muda wa saa mbili nimefuta juu ya madirisha yote manne, sabuni, maji, spiriti, nikikausha, nikirudia. Mlango wa dereva Mama alinipokonya kitambaa, akaufuta mwenyewe, polepole. Nikamwachia.

Saa sita vyote vinne vilikuwa vimekaa. Thelathini, thelathini, thelathini, kila sehemu. Mama akaondoka kwa miguu. Kesho saa saba nitakukuta hapahapa na gari langu, akasema. Nikasema naam mama.

Saa tisa Ba'mdogo akaja na mpira wa maji begani. Lete ufunguo, tuanike. Nikasema hapana. Lete ufunguo. Hapana, Ba'mdogo. Akaninyooshea mkono, uleule alionipa wiki iliyopita. Nikaingia garini nikajifungia. Sikupanga, miguu ilinipeleka yenyewe, ileile iliyotangulia kuja duniani.

Sasa yuko hapo nje. Anagonga kioo. Anaongea sana, nasikia nusu. Baba yako... kichwa ngumu... mbele za watu... Ananionyesha kwa kidole, shusha kioo, tuongee.

Haiwezekani, nimemwambia. Kikishushwa leo kinaweza kukisukuma kizuia mvua, na tepi bado mbichi. Namwambia kwa midomo, kwa mikono. Hata ningetaka kumwomba radhi, kioo hakishuki hadi kesho saa saba!

Povu amesimama kwenye bomba, anasubiri amri. Fundi Rangi ametoka bandani kwake na kiti, ameketi kabisa.

Ba'mdogo ameacha kugonga. Ameinua mkono wa kulia, ameshika kizuia mvua cha huku kwangu. Hapohapo juu ya kichwa changu. Mwandiko huu sijui kama nitausoma. Ukivuta, Ba'mdogo, kinatoka. Bado ni kibichi. Unajua.

Hajavuta. Ameweka kidole gumba. Anakandamiza. Midomo yake inacheza, nimetazama vizuri: kumi na moja, kumi na mbili, kumi na tatu. Mpira wa maji ungali mkono wa kushoto, ncha ya mpira imeelekea kwenye gari, na Povu kashika koki.

Ishirini na mbili. Ananitazama. Na mimi namtazama. Ufunguo sitoi.