Siku Natalie Alipoketishwa

Jumanne, 2 Septemba 2025

Daftari hili lina kazi moja tu. Daktari wa mazoezi alisema niandike kila mwanangu Natalie anaposhikwa na kifafa, saa ngapi, dakika ngapi. Leo hajashikwa. Kwa hivyo naandika mengine.

Tembe zimebaki nane. Aliandikiwa nzima asubuhi na nzima jioni. Mimi navunja. Nusu na nusu — daktari asijue.

Mzee Kang'ethe wa nyumba kumi amepita na karatasi zake. Watu wa serikali watakuja Alhamisi mchana kuandika wasiojiweza. Mayatima, wazee, watoto wenye ulemavu mkali. Akamwangalia Natalie mkekani, akasema huyu ndiye haswa, usitoke siku hiyo. Halafu akamuuliza Kukhu kama ametimiza sabini, aingie kwa pesa ya wazee.

Kukhu akajifanya anatafuta kijiko.

Kitambulisho cha Kukhu, nyanya yangu mzaa mama, kinasema alizaliwa 1959. Ukweli ni 1952. Alikata miaka saba ili aandikwe kiwanda cha pareto, walikuwa wanataka wasiofika thelathini. Kazi aliipata. Sasa inabidi angoje miaka hiyo irudi.

Natalie ana miaka minne. Shingo haijakaza. Ukimweka hivi anaangukia hivi. Baba yake, Peterson, alienda Elburgon kupasua mbao na simu yake haipatikani tangu Juni.

Wakimwandika — dawa. Na kile kiti cha kushika shingo, nilikiona pale hospitali. Sitaki kitu kingine. Haya, na sukari. Lakini sukari ingoje.

Alhamisi, 4 Septemba

Nianze mwanzo.

Asubuhi niliitwa kufua Milimani. Nikahesabu masaa: watu wanakuja mchana, mimi nitakuwa nimerudi. Kibarua hakikataliwi. Nikamwachia Kukhu mtoto.

Wao wakaja saa nne.

Nimefika saa sita na nusu, nimefungua mlango nikadhani nimekosea nyumba. Viti viwili vya sofa, rangi ya maziwa, vimetandikwa vitambaa. Meza ya kioo. Meko ya gesi. Thamosi ya maua. Vyote vya Nyakio, wa mlango wa pili. Na Kukhu amevaa gauni la kanisa, anasuuza vikombe. Vikombe pia si vyetu.

"Wageni wako wamekuja wakaenda," akasema. "Nimekupokelea vizuri. Chai ya maziwa, na mandazi wakaongeza."

Wageni wangu.

Nikamuuliza waliuliza nini. Akanihadithia yote, uso unang'aa. Mnapikia nini? — Gesi, si hiyo. Kuna siku mmelala njaa? — Kwangu mimi hakuna mtu hulala njaa. Kulikuwa na msichana anaitwa Jepchumba, ana simu kubwa kama sahani, kila jibu anagusa. Ana adabu sana, Kukhu anasema. Alivua viatu mlangoni.

Jana tulikula ugali na chumvi.

Hapo ndipo nikamwona Natalie. Gauni la Krismasi. Nywele zimefungwa riboni. Na ameketi! Ameketi kwa sofa ya Nyakio kama mtoto wa studio. Nikasogea. Mto mgongoni, mto kulia, mto kushoto. Leso imepitishwa chini ya kwapa, imefungwa nyuma ya kiti pasipoonekana.

"Waliuliza kama anaketi?"

"Waliuliza."

"Ukasema?"

"Nikasema, si mnamwona ameketi."

Nilifungua fundo la leso. Akaniangukia kifuani na riboni yake.

Ijumaa, 5 Septemba

Nyakio amekuja kuchukua viti vyake. "Shosh wako aliniambia ni wageni wa maana sana. Mimi nikajua mnaozesha mtu! Nikatoa mpaka thamosi ya marehemu mama mkwe."

Kumbe na yeye alitembelewa saa hiyo hiyo, kwa sababu ya wale watoto watatu dada yake aliomwachia. Aliwakalisha juu ya ndoo. Anasema aibu ilimmaliza, nyumba imebaki ukuta na kitanda, na chai hakuna kwa sababu gesi iko kwetu.

Tulicheka. Mimi ndiye niliacha kwanza.

Nimeenda kwa Mzee Kang'ethe. Anasema kitu kikishaingia kwa mashine yeye hawezi kukitoa. Tungoje majina.

Jumapili, 7 Septemba

Hatujaongea na Kukhu tangu Alhamisi. Nyumba ya chumba kimoja, kutoongea ni kibarua.

Leo ameanza mwenyewe, baada ya kanisa, akimpaka Natalie mafuta. Hakuniangalia. Ni kama alikuwa anamwambia mtoto.

Mwaka wa themanini na nne mvua ilikataa. Yeye alikuwa nyumbani Kimilili na watoto, Kuka, mume wake, yuko huku Nakuru kwa reli, mshahara umechelewa. Serikali ikaleta mahindi ya manjano. Akatembea na debe kichwani na mama yangu mgongoni, mama akiwa wa miaka mitatu. Foleni ilianza alfajiri. Alipofika mbele, karani mmoja akamshika mama shavu kwa vidole viwili, akamvuta, akawaonyesha wenzake. Huyu bado ana mashavu, akasema. Rudi nyuma, tuanze na wenye njaa.

Akarudi nyuma. Mahindi yakaisha kabla hajafika tena.

"Nilikuwa nimempaka mafuta asubuhi hiyo," Kukhu akasema. "Ndio maana alikuwa anang'aa."

Akamfunika Natalie miguu.

"Nikasema hakuna karani atamshika tena mtoto wangu shavu."

Nilitaka kukasirika tena. Hasira haikuja. Nilienda nje kuanika nguo zilizokuwa zimekauka.

Jumatano, 10 Septemba

Tembe zimeisha.

Saa nne asubuhi, dakika tatu.

Saa nane, dakika tano. Midomo ilibadilika rangi.

Kukhu anaomba. Mimi naangalia saa.

Jumatano, 24 Septemba

Majina yamebandikwa ukutani kwa ofisi ya chifu. Watu wamejaa, kila mtu na kidole chake. Mama mmoja amenishika mkono, mwanangu nisomee, macho yangu hayaoni. Lake lilikuwa hapo, juu kabisa. Amenibariki mpaka watu wakageuka.

La Natalie halipo. Nimesoma kutoka juu. Nimesoma kutoka chini. Nimesoma na kidole.

Nyakio yupo. Mstari wa kumi na moja.

Nimeingia ndani. Karani ni kijana mpole, kola imechakaa, anakunywa chai ya rangi. Akatafuta, akapata. Mashine ndiyo inatoa alama, si mimi, akasema. Alama zenu ziko juu. Mmeandikwa hali ya wastani.

"Wastani ni nini?"

"Wastani ni… kama mimi tu, mathe."

Nikamwonyesha Natalie mgongoni. Akasema kwa mashine inasoma anaketi. Niliona anaona aibu. Lakini aibu yake haiandikiki popote.

Amenipa fomu ya malalamiko. Sababu: mistari miwili. Wiki zote hizi, mistari miwili. Nikaandika: Viti havikuwa vyetu. Mtoto haketi.

Watarudi kuangalia upya, bila kusema siku. Kuanzia sasa mpaka katikati ya mwezi ujao. Wakikuta mambo ni yale yale, faili imefungwa mpaka waandike tena, na hajui kama ni mwaka huu au mwaka gani.

Alhamisi, 25 Septemba

Nyakio amesimama mlangoni bila kuingia. Si kawaida yake. Ameshika pakiti ya maziwa kama mtu aliyeiba.

"Naliaka, si unajua ni kwa nini nilipita."

Najua. Nyumba yake ilikuwa tupu kwa sababu vitu vyake vilikuwa kwetu. Nikamwambia wale watoto watatu si wa uongo, jina lake ni lake, aache kulia mlangoni kwangu. Akaingia. Akapanguza pua. Halafu akawa Nyakio tena.

"Basi safari hii leteni vyenu nikae navyo. Muonekane vile mko."

Kumbe hata maskini ana vitu vya kuficha. Tumetoa redio isiyofanya kazi. Stuli nzuri. Pazia. Sufuria kubwa. Sanduku la Kukhu la nguo za kanisa. Nyakio anabeba huku akisema hii nyumba inahama ama inazaliwa upya.

Tukabaki na saa ya ukutani. Kuka alipewa alipostaafu, jina lake limechongwa kwa kibati. Bado inatembea. Nikanyoosha mkono.

"Hiyo hapana," Kukhu akasema.

"Kukhu, ni siku chache."

"Hiyo hakupewa kwa kuwa maskini. Hiyo hapana."

Nimeiacha. Nikamwambia lakini mito ni yangu. Akija yule msichana, Natalie hatawekewa mto hata mmoja. Wala leso. Amwone vile alivyo.

Kukhu amegeukia ukuta.

Jumamosi, 27 Septemba

Tunakaa chini kama tunangoja mazishi. Kila mlango ukigongwa naruka. Juzi alikuwa muuza mayai. Jana watu wa kanisa lingine. Siwezi kwenda kufua Milimani, nisije nikakosekana tena. Kwa hivyo tunangoja msaada wa njaa huku tunashinda njaa kwa sababu ya kuungoja. Nimecheka peke yangu. Natalie akacheka kwa sababu nimecheka.

Kukhu ameongea mchana, ghafla, kwa ukuta.

Reli ilitupatia nyumba, anasema. Ilitupatia hospitali. Kuka alipokufa ilileta mbao za jeneza. Hakuna siku mtu aliingia kuuliza mlikula nini jana. Waliuliza kadi ya kazi, basi.

Nikamwambia mimi pia nilikuwa na kadi. Wakati wa corona nilifagia mitaro ya hapa Bondeni na mimba, nikapewa kadi na gambuti. Kazi ikaisha, kadi ninayo bado, haifungui mlango wowote.

"Hiyo ilikuwa afadhali," akasema. "Ulifanya, ukalipwa."

"Na Natalie atafanya kazi gani apewe kadi, Kukhu?"

Sikutaka isikike hivyo. Ilisikika hivyo.

Jioni nilimkuta amemlaza Natalie mapajani, anamnyoosha vidole kimoja kimoja, anavitaja kwa majina ya watu wa kwao waliokufa.

Jumatatu, 29 Septemba

Saa tatu asubuhi. Dakika kumi na mbili.

Nilidhani ameenda. Nimeandika hiyo ili nisiibebe kichwani.

Nyakio alikimbia kuchukua tembe nne za mkopo duka la dawa, kwa jina lake. Hajapata hata pesa yenyewe, ameonyesha wenye duka kwamba jina liko ukutani, wakampa. Mstari wa kumi na moja unanunua dawa ya mtoto ambaye hayumo.

Natalie amelala. Namuwekea kidole puani kila mara.

Jumatano, 1 Oktoba

Saa nne kasoro. Wamekuja. Naandika kwa sababu nikikaa bure nitapiga kelele.

Wako kwa Nyakio. Anaongea kama yuko sokoni, ili tusikie. Karibu madam wa serikali! Karibu Jepchumba! Aaa, hapa si kwa Naliaka, Naliaka ni mlango wa pili, lakini pumzika kidogo, kuna ndoo safi.

Kukhu ameamka kutoka kitandani. Amekanyaga ukingo wa kitanda, miaka sabini na tatu, ameshusha saa ya Kuka. Ameifunga kwa shuka, ameisukuma chini ya kitanda. Ukutani pamebaki duara jeupe. Chini ya kitanda bado inasikika.

Hajavaa gauni la kanisa. Amebaki na la kulalia.

Natalie alikuwa ameketishwa mkekani na mito yake mitatu. Mimi ndiye nilisema itoke. Nilisema mara mbili, mbele ya mashahidi. Na nimesimama hapo siwezi kuigusa. Kukhu ameinama. Ametoa wa kulia. Ametoa wa kushoto. Wa mgongoni ameutoa polepole sana, huku anamwambia kitu kwa Kibukusu, ni kama anaomba ruhusa. Halafu amerudi nyuma, amekaa sakafuni, mito imekaa mapajani.

"Acha wamwone," amesema. Uso ameuelekeza mlangoni.

Kichwa kikaanza kwenda. Kinaenda kama kawaida, upande wa kushoto, taratibu, halafu haraka.

Naandika kwa mkono mmoja. Mwingine uko chini ya shingo yake. Sikumbuki kuuweka.

Hodi. Ni sauti ya msichana. Nasikia anavua viatu.

"Toa mkono, Naliaka," Kukhu ananong'ona. "Toa sasa."

Shingo yake ina joto. Mapigo yanapita hapa kwa kidole changu.

Hodi tena.

Sijautoa