Mama Alisema Mwanawe Yuko Mbali

Shangazi mpendwa, nakuandikia huku sijui nitauweka wapi uso wangu, naomba unisaidie hata kama utanifokea, maana nastahili.

Mimi ni mwalimu wa Kiingereza, nafundisha watu wazima kila Jumamosi mchana katika chumba kilicho juu ya duka la dawa, wanafunzi wangu ni makarani, wahudumu wa hoteli, yumo hata keshia wa benki, na tangu siku ya kwanza nikawapa picha kwamba kwetu Kiingereza tulikinyonya na maziwa ya mama, uongo mtupu, kwa sababu mama yangu mzazi alikuwa akipiga pasi kwa dobi na Kiingereza hakujua hata salamu. Mwaka huu mama kahamia kwangu, na wanangu nimewazoesha Kiingereza kutwa nzima, wakicheka bibi yao naye anacheka, hajui kinachochekwa, mpaka siku moja akaniambia, "Mwanangu, niandikishe na mimi kwenye darasa lako, nataka kujua wajukuu zangu wananiambia nini."

Nikamwambia sawa mama, lakini darasani usiniite mwanangu, niite mwalimu kama wenzako, ndiyo taratibu. Taratibu gani, Shangazi! Nilizionea haya kandambili zake na vidole vyake vilivyoungua pasi. Akasema, "Haya, mwalimu," akacheka, nami nikajua kaelewa. Ikawa kila Jumamosi anatangulia kutoka nyumbani ili tusifike pamoja, sikumwambia afanye hivyo na wala sikumkataza.

Sasa juzijuzi somo lilikuwa lile la mambo ya zamani yaliyowezekana lakini hayakutokea, could have kwa lile ulilokuwa na uwezo nalo, should have kwa lile lililokupasa, might have kwa lile ambalo labda lingekuwa, nikamtaka kila mtu asimame atoe mfano wa maisha yake. Keshia akasema angaliweza kuwahi usaili wa kazi nzuri zaidi kama asingelala, tukacheka. Ikafika zamu ya mama. Akasimama, akashika meza, akasema kwa Kiingereza, polepole, bila kukosea hata neno moja, kwamba angaliweza kuwa mkunga, nafasi chuoni alikuwa ameshapata, kisha akazaa mtoto wa kwanza, mtoto mwenyewe akawa wa kuuguaugua, akabaki kumlea. Mtoto huyo ni mimi, Shangazi, na habari ya ukunga nilikuwa naisikia kwa mara ya kwanza, tena nikiwa na chaki mkononi.

Keshia akadakia, naye kwa somo lilelile, kwamba mtoto huyo basi ilimpasa amrudishe mama yake chuoni, yuko wapi siku hizi? Darasa zima likamgeukia mama. Hakunitazama. Akasema, "Yuko mbali. Lakini ananitunza vizuri." Nami badala ya kufungua mdomo niseme ni mimi, nikasema, "Vizuri sana, anayefuata."

Jumamosi iliyofuata hakuja, akasema magoti yanamuuma. Watoto wakianza Kiingereza chao anainuka anakwenda jikoni. Kila nikitaka kumwomba radhi najikuta namuuliza habari za magoti. Nifanyeje?

Mimi niliyemficha mzazi

*

Wewe uliyemficha mzazi,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilitaka kukuchapa, ya pili machozi yakanitoka, na sasa nataka kukuchapa tena. Kandambili! Mama asimame na pasi miaka yote hiyo usome, halafu wewe umwonee haya kwa sababu ya kandambili? Pole kwa aibu inayokuchoma, mwanangu, lakini usiikimbie. Inakufaa.

Na hayo magoti achana nayo. Si ndiyo hayohayo yaliyokuwa yakipanda ngazi za duka la dawa? Kilichoumia ni kingine na unakijua.

Habari ya ukunga isikutoe roho. Hukuomba kuzaliwa, na mama hakuisema ili akulaumu. Aliombwa mfano, akatoa. Lako wewe la kujutia ni hili la juzi.

Ila nikuulize, mwalimu, maana naona umesoma ukapitiliza. Ulizunguka darasa zima ukitafuta mfano wa jambo lililowezekana na halikutokea. Keshia alipouliza mtoto yuko wapi, mama yako angaliweza kunyoosha kidole tu: yule pale. Uwezo alikuwa nao, na haki pia alikuwa nayo, lakini hakufanya. Wewe unawafundisha watu kana kwamba kila kisichotokea ni majuto. Hicho hakikutokea kwa sababu anakupenda, nawe ukamwambia "anayefuata". Toba!

Sasa sikiliza. Leo hii, kabla hujala, kaa naye jikoni umwambie: "Mama, nilikuonea haya. Nisamehe." Basi. Mwambie kwa Kiswahili, lugha aliyokulelea, na usianze kujieleza-eleza. Akinyamaza, vumilia. Hao watoto nao, bibi yao akiwa sebuleni waongee naye lugha anayoielewa, na wakimchekesha acheke kwa kujua. Mtoto asiyeweza kuzungumza na bibi yake umemfundisha nini?

Jumamosi tokeni nyumbani pamoja. Mbebee mkoba wake, mpande ngazi kwa mwendo wa magoti yake, na aende na kandambili zake zilezile. Watu watakutazama, wengine watacheka, na ule uongo wako wa kunyonya Kiingereza utakufa hapohapo. Uache ufe. Kabla hujashika chaki, mwombe keshia amuulize mama tena lile swali lake, mtoto wake yuko wapi. Nawe usimame karibu, mahali ambapo kidole chake kitakufikia.

Shangazi