Siku Bibi Yako Alipokokota Pikipiki Nzima

Kilolo

Mjukuu wangu Tumaini,

Kamwene. Huku hatujambo. Mahindi yameshaingia ndani, na bibi yako anakusalimia sana.

Umeuliza kama ununue ile pikipiki ndogo ya mbio uliyoiona hapo Mbeya, ya kuchanganyia oili kwenye petroli, ili ujifunzie. Inunue, ila kwanza nikusimulie.

Bibi yako alikuwa na umri kama wako alipopata ya namna hiyo, nyekundu, na mimi ndiye niliyemfundisha kuiendesha. Siku moja tukitoka Iringa mafuta yalituishia. Dukani petroli ilikuwepo, oili hamna. Vijana walijaa kibarazani wakitutazama, nami nikaona aibu.

"Tia petroli tu twende," nikamwambia. "Si mbali."

"Bila oili injini itakufa," akasema. "Na hii naipenda."

Akashika usukani, akaanza kuikokota. Wale vijana walicheka mpaka wakapiga makofi. Hakugeuka. Nikasukuma kwa nyuma mlima mzima, nikitazama mgongo wake. Tulipofika kwao nilikuwa nimeshaamua kumchumbia.

Kwa hiyo kabla hujalipa, muulize muuzaji alikuwa akichanganya oili kiasi gani. Akibabaika, iache.

Bibi yako amenisikia nikisoma barua hii kwa sauti. Anasema ukiinunua uje nayo likizo. Umri wake unaujua, lakini ameshaanza kutafuta kofia ngumu.

Babu yako