Njia ya Saa Kumi na Moja

Kisiwani,
Jumamosi mchana

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, na kabla hujaanza kunisema, niambie kwanza: mgongo wako unaendeleaje? Baba je, anakula? Shemeji na watoto hawajambo? Mimi mwili ni mzima. Roho ndiyo haijatulia, na utajua kwa nini ukinivumilia mpaka mwisho.

Barua yako imefika leo na boti. Umeniita mtoto aliyesahau kwao, na ukapigia mstari kwamba wiki mbili nzima sijapiga simu. Dada, sasa ni tatu. Najua. Nisikilize.

Kisiwa hiki nilishakueleza, ila hukunielewa, maana uliniuliza kwa nini nisipande mchicha. Mchicha! Mvua hapa ilinyesha mwaka juzi, ikadumu muda wa kuchemsha chai. Ardhi yote imefunikwa na ukoko mwembamba, kama ule unaobaki chini ya sufuria, na ukoko huo una uhai. Ni vijimea vidogo vidogo vinavyoshika udongo usipeperuke. Ukiukanyaga unavunjika, upepo unabeba udongo, na alama ya mguu wako inabaki pale pale. Kuna alama za magurudumu hapa zilizoachwa kabla sijazaliwa, na ungeziona ungedhani gari limepita jana. Chini ya ukoko huo ndege wa baharini huchimba mashimo ya kutagia, yai moja kwa mwaka, basi.

Kazi yangu ni kuhakikisha watu hawashuki kwenye njia ya mbao. Kazi rahisi, utasema. Weee! Kila Jumamosi boti inaleta mizigo na wageni, na kila Jumamosi napandwa na presha. Kuna kibao kila hatua hamsini, lakini mtu anashuka ili apigwe picha. Mmoja aliniambia alikuwa anampisha mjusi. Mwingine, mtu mzima na mvi zake, alijitetea kwamba yeye ni mwepesi. Mwepesi, na tumbo lile! Mama mmoja alijaza mkoba vijiwe vya kupamba sebule yake. Nikamwamuru avirudishe kila kimoja mahali pake, naye akataka nimwonyeshe kipi kimetoka wapi. Nimefoka mpaka koo limekauka. Wenzangu wananiita Bwana Rudi, kwa sababu ndilo neno langu kutwa nzima.

Sasa basi. Wiki tatu zilizopita bibi mtafiti, anayesoma maisha ya hao ndege, alirusha kile kidude chake kinachopiga picha kutoka angani. Akatuita sote, yaani mkuu wa kituo, mpishi na mimi, akatuonyesha picha mezani. Kulikuwa na mstari mweupe kutoka nyuma ya stoo ya jikoni mpaka kilima cha mashariki, umenyooka, umepita katikati ya mashimo ya ndege. Alikwenda kuyahesabu yaliyobomoka, akapata arobaini na moja. Alivyorudi hakuweza kula.

Wageni hawafiki upande ule, kwa hiyo ni mmoja wetu. Mkuu akawaka moto. Akanipa futi ya kupimia nikapime nyayo, maana viatu vyetu ni vya ofisi, soli moja sote, vinatofautiana namba tu. Nikapima, nikaandika arobaini na tatu. Wanaovaa arobaini na tatu ni wawili: mpishi na mimi.

Mkuu alisoma karatasi yangu, akacheka. Akasema mimi siwezi kuwa ndiye, mtu ninayegombana na wageni hadi kwa kudondosha ganda la karanga. Akamgeukia mpishi. Mpishi alikana mara moja tu, kisha akarudi jikoni. Mkuu akaandika barua makao makuu, na Jumamosi iliyopita jibu likaja kwamba mpishi aondoke na boti ya leo. Miaka sita amepika hapa. Ana watoto watatu shuleni na hana kazi nyingine ya kuendea.

Dada, njia ile ni yangu.

Kilima kile ndipo mahali pekee kisiwani simu inaposhika. Ulipoandika kwamba Baba ametoka hospitali na hataki kumeza dawa wala chakula mpaka asikie sauti yangu, nilianza kupanda kila siku, nimpigie saa kumi na moja. Siku ya kwanza niliruka juu ya mawe, nikijiambia ni mara moja tu. Siku ya tatu nikajiambia pameshavunjika, hakuna la kuongeza. Ndiyo maneno yale yale ninayoambiwa na watu wa Jumamosi! Miezi mitano, Dada, mpaka siku ya ile picha. Na nusu ya siku hizo Baba alikuwa ameweka simu juu ya mto wa kulalia, kando ya redio, mimi naongea na mtangazaji wa mpira.

Siku moja mguu ulizama hadi kifundoni, nikasikia kitu kinalia chini ya udongo. Nikautoa, nikaendelea kupanda, kwa sababu ilikuwa saa kumi na moja kasorobo na nilijua utanisema nikichelewa. Sikulaumu wewe. Miguu ni yangu.

Wiki nzima nimemwona mpishi akifunga mizigo yake, na chakula chake nikala. Leo asubuhi begi lake lilikuwa tayari gatini. Hapo ndipo nilipomwambia mkuu. Hakufoka. Alikaa juu ya kreti la vitunguu, akaniuliza kwa nini nilimwacha acheke siku ile. Kisha akakata shauri. Mimi ndiye nitakayeondoka, Jumamosi ijayo, mlinzi mwingine akifika. Leo zamu yangu ameishika mkuu mwenyewe.

Nikalibeba begi la mpishi kulirudisha jikoni, nikamwomba radhi. Akaniambia alijua tangu mwezi ule wa kwanza wa safari zangu, kwani dirisha la jikoni linatazama huko huko nilikokuwa napita. Nikamuuliza kwa nini basi hakunitaja. Akasema alitaka kuona kama kweli nitamwacha apande boti. Kisha akanipa mgongo, akaanza kumenya viazi.

Siku hizi saba nimepewa kazi ya kupanga mawe kwenye mwanzo wa njia ile, asifuate mwingine. Kufutika haitafutika. Bibi mtafiti amenikadiria kwamba mjukuu wangu akija hapa ataiona.

Boti inaondoka saa tisa, wacha nifunge barua. Msalimie shemeji, wabusu watoto, na mgongo wako uupumzishe. Mwambie Baba ale. Usimfiche sababu ya simu kukatika, msomee barua hii yote, hata pale pa mpira. Jumamosi ijayo nitakuwa kando ya kitanda chake, sina kazi, na sauti yangu ataisikia mpaka aichoke.

Ni mimi mdogo wako,
niliyekuwa mlinzi