Neno Alilobaki Nalo Baba

Lozells, Birmingham
23 Aprili 1974

Mpendwa kaka Clive,

Natumaini wewe, wifi Lorna na watoto ni wazima, na joto la huko Perth limeanza kupungua. Sisi hatujambo. Baba pia hajambo, afadhali sana kuliko nilivyokuandikia wakati wa Krismasi, kwa hiyo soma bila wasiwasi.

Mkono wake wa kulia bado mzito, ila anatembea na fimbo hadi duka la magazeti na kurudi. Kauli ndiyo haijarudi. Tangu kiharusi kimwangushe, kinywani mwake limebaki neno moja tu: batani, yaani kifungo. Daktari anasema hutokea hivyo. Na kwa mtu aliyekata vifungo vya shati kiwandani maisha yake yote, sijui kama tungetarajia neno jingine.

Mwanzoni nililia, Clive, sikufichi. Kisha nikagundua neno lenyewe lina mambo mengi ndani yake. Akisema batani huku akitazama televisheni, anataka nibonyeze kitufe iwake, timu yake ya Villa inacheza. Akilisema sokoni, anataka ule uyoga mdogo mdogo wa mviringo kama kifungo, wa kukaanga na nyama. Siku moja aling'ang'ana na batani, batani, nami nikahangaika na shati lake mpaka akalifunua na kunionyesha kitovu, kile tulichokiita batani ya tumbo utotoni. Tumbo lilikuwa limemjaa gesi! Na mume wangu Des akimpa chai iliyokolea sawasawa, hulitamka taratibu, kama kusema: hapo hapo, umelenga shabaha!

Sasa nikuhadithie ya Pasaka. Shangazi Enid alikuja kula nasi. Hata nyama ya mwanakondoo haijakatwa mezani, akaanza.

"Beryl, unajimaliza bure. Mtu hawezi hata kuomba maji! Mpeleke nyumba ya wazee, kule kuna wauguzi."

Aliyasema hayo Baba akiwa mbele yake, kama vile anazungumzia kabati. Baba akaweka uma chini.

"Batani!"

Ile sauti unaijua. Ndiyo aliyokuwa akitupigia tukipiga soga kitandani badala ya kulala. Des akacheka hadi mchuzi ukamwagika. "Shangazi, hapo umeambiwa ufunge mdomo kwa kifungo. Si mimi, ni yeye!"

Shangazi akavimba. "Chekeni tu. Akianguka tena nanyi mko kazini, atamwita nani?"

Kicheko kikatukauka.  Swali hilo, Clive, ndilo huniandama kutwa nzima pale ofisini. Nilimtazama Baba nikaona naye anaogopa.

Tulimaliza kula. Shangazi akachukua koti lake aende zake. Vidole vyake vimevimba siku hizi kwa baridi yabisi, akawa anahangaika mlangoni na kifungo cha juu, hataki kusaidiwa. Nikasogea, akanifukuza. Ndipo Baba akainuka. Akaegemeza fimbo ukutani, akamshika koti kwa mkono wake wa kushoto, akaanza kumfunga, kuanzia chini. Kila kifungo kilipoingia alisema, polepole, "Batani." Mama yao alipofariki Enid alikuwa hajaanza shule, na Baba ndiye aliyekuwa akimvalisha hivyo kila asubuhi. Mimi hilo sikulijua, nimeambiwa na Shangazi mwenyewe, pale pale mlangoni, machozi yakimtiririka.

"Wilf," akamwuliza Baba, na hii ndiyo mara ya kwanza kumwuliza yeye, "unataka kubaki hapa?"

Baba akaitikia kwa kichwa.

"Basi nitakuwa nakuja mimi, Beryl akienda kazini. Lakini usinifokee tena mbele ya watu."

Na kweli anakuja. Jana nimerudi nimewasikia tangu barabarani, Shangazi anabisha kuhusu karata, Baba anamjibu kwa neno lake lile lile, wala hakuna aliyekuwa tayari kushindwa. Nilisimama nje kidogo, niwasikilize. Leo ofisini nimefanya kazi bila kutazama simu.

Msalimie sana wifi, na umbusu Janine na mdogo wake kwa niaba ya babu yao. Des anakusalimu, anasema timu yenu ya kriketi ina bahati tu. Mungu awalinde, atupe uzima tuonane mezani hapa.

Dada yako asiyekusahau,
Beryl