Nizar bin Badar wa Wingwi na Mbwa Wake Wawili

Mwaka umetimia, Nizar, tangu asubuhi ile ulipojinyoosha barazani ukiwa na viatu vya shamba miguuni, na mkeo Bi Jawaher akadhani umejipumzisha tu. Viatu viko mlangoni hadi leo. Hataki viguswe.

Ulikuwa mtu wa sauti ndogo. Ukiulizwa jambo ulinyamaza hadi muulizaji akajuta kuuliza, kisha ukajibu kwa maneno machache.

Nduguyo Ridha alikuletea kutoka Maskati saluki wawili, mbwa wa kuwinda wa asili safi, dume Shahini na jike Rimu, wafukuze nguruwe mwitu kwenye mihogo. Uliwajengea banda mbali na nyumba. Kila mate yao yalipokugusa ulinawa kwa udongo na maji kama sheria inavyotaka, taratibu, bila kunung'unika.

Kisha Rimu akazaa, na watoto wakaanza kupepesuka. Walitetemeka, wakaanguka, wakatupa miguu kama wanaokimbia ndotoni. Walikufa mmoja mmoja, ukawazika kwenye mikarafuu, hadi wakabaki wawili.

Mtaani wakasema ni sumu ya jirani, Mzee Khatib. Kwani hakuwa wa chama chenu, na alikwisha kulalamika mbwa kupitishwa karibu na msikiti. Watu wakaacha kuitikia salamu zake. Hata Bi Jawaher alikwambia, "Nani mwengine, baba Hind?"

"Sijui," ukamjibu. "Na wewe hujui."

Ukaenda Chake Chake kwa Daktari Fakhriya wa mifugo. Akakueleza kuwa kuna maradhi ya ubongo ambayo mbwa wa ukoo mmoja hurithishana, na kwamba ute wa shavu ukipelekwa nje ya nchi, vinasaba hupimwa. Ukawapangusa mbwa wote mashavuni kwa vijiti vya pamba. Mara ya kwanza kipimo kiliharibika, maana watoto walikuwa wametoka kunyonya na maziwa ya mama yao yalikuwa bado kinywani. Hukumlaumu mtu. Ukawatenga na mama yao, ukangoja, ukaanza upya.

Ukaondoka kabla majibu hayajafika. Mazikoni Mzee Khatib alisimama nyuma, peke yake. Hakuna aliyempisha atie udongo.

Daktari Fakhriya alipopiga simu, Bi Jawaher alikuwa bado katika eda. Shahini na Rimu, wazima wenyewe, wamebeba kila mmoja kasoro ileile. Mtoto anayeipata kwa baba na kwa mama haponi. Hapakuwa na sumu.

Bi Jawaher hakuweza kutoka, basi alimtuma mwanao Hind amwite jirani. Mzee Khatib akaketi barazani, Bi Jawaher akasema naye nyuma ya pazia.

"Majibu yamekuja, Mzee Khatib. Ni maradhi ya damu yao. Tuwie radhi."

Mzee Khatib akauliza, "Marehemu aliyapata?"

"Hakuwahi."

"Basi hakuyahitaji. Kila akitoka kwa mbwa wake alipita kwangu kunawa. Akimaliza, ataka kata ya kuchotea, akinga maji ya mtungi wangu, anywe pale pale njiani, watu wote wamuone. Nikamwambia, Nizar, wewe huogopi? Akanambia, nna kiu."

Bi Jawaher aliuma ncha ya buibui asisikike akilia.

Watoto wawili wa mwisho nao wamekufa. Shahini sasa yuko kwa Mzee Khatib, asikutane tena na Rimu. Ukoo wao utakoma hapa Wingwi, kama ambavyo ungelitaka. Rimu hulala mlangoni pa banda, ameelekeza kichwa njia uliyokuwa ukijia.

Wanakukumbuka mkeo Bi Jawaher, mwanao Hind, jirani yako Mzee Khatib, ambaye safari hii Bi Jawaher hakukubali awekwe nyuma, na nduguyo Ridha aliye Maskati. Mola akulaze pema. Maadamu tungali hai, hutoki nyoyoni mwetu.