Alichokiona Bi Zuwena

Jumatatu, 3 Februari. Ibra, Omani.

Uji wa Bi Zuwena, dawa ya presha, mafuta ya miguu. Baridi. Ameomba soksi mbili mbili. Tumepiga soga ya Kiswahili mpaka adhuhuri. Ndiyo kazi yangu hasa hapa. Alizaliwa Unguja, watoto wake wanamjibu Kiarabu, wakaona wamtafutie mtu wa kusema naye.

Alipolala nikasikiliza tena ule ushuhuda alionitumia dada Eliza kwa simu. Yule baba aliyekufa hospitali akarudi, akasema alimwona Yesu, na watoto wengi wanacheza kwenye majani, hakuna anayelia. Nimeshausikiliza sijui mara ngapi. Upendo wangu alikuwa na miaka saba. Nilimzika kwa simu, Eliza kaishika juu ya kaburi kule Korogwe. Bila ushuhuda ule ningekuwa nimeanguka zamani.

Alhamisi, 6 Februari

Bi Zuwena amekufa na kurudi. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Alianguka bafuni. Tulipofika hospitali moyo ukasimama. Nilikuwa mlangoni na binti yake, Bi Asya. Wakamkandamiza kifua, wakamtia umeme. Bi Asya anasoma dua zake, mimi nasali zangu, tumeshikana mikono. Moyo ukarudi.

Tangu pale nina wazo moja. Naona aibu kuliandika. Nataka kumuuliza kama amemwona mwanangu.

Jumamosi, 8 Februari

Nimeuliza.

Mbavu zinamuuma, anaongea taratibu. Alianza mwenyewe. Alikuwa uani kwao Malindi, kule kule Unguja. Mama yake amekaa juu ya mbuzi, anakuna nazi, leso nyeupe kichwani. Akamwambia rudi, wali bado. Basi. Hakuogopa.

Nikamuuliza kama palikuwa na watoto. Alielewa, picha ya Upendo anaijua. 

"Sikumuona mtu mwengine, mwanangu. Ningemuona ningekwambia."

Nikamuuliza kuhusu Yesu. Akasema hapana, Nabii Isa hakumuona, wala mtume yeyote. Mama yake tu. Hakukasirika. Alinishika kidole mpaka usingizi ukamchukua.

Nimelia chooni. Angeweza kunidanganya.

Jumapili, 9 Februari

Nimempigia Eliza, nikamweleza yote. Kila nikiendelea ananirudisha kwenye nguo nyeupe. Nikasema ni leso, leso ya mama yake. Akasema Bwana hujifunua kwa namna mtu anavyoweza kumpokea. Nikaaga tu.

Jumanne, 11 Februari

Imeingia kwenye simu yangu kutoka kwa mtu nisiyemjua. Sauti ya Eliza, kanisani. Bibi mmoja wa Kiislamu huko Omani amekufa, amekutana na Mtu mwenye mavazi meupe aliyemwita kwa jina, na kando Yake amesimama mtoto wa kike wa miaka saba. Anasema aliyeyasikia haya ni mdogo wake, yaani mimi, anayemtunza bibi huyo. Watu wanapiga makofi.

Nilikuwa nimesimama jikoni. Aliposema mtoto wa kike nilifurahi. Mimi ndiye niliyekuwepo, najua bibi hakusema hivyo, na bado nilifurahi.

Nikampigia, nikamtaka aifute. Akajibu kwa upole kwamba imeshasambaa, na watu wameokoka. Halafu akasema, "Ule wa yule baba ndio uliokushika usianguke. Ulishawahi kuniuliza niliutoa wapi?"

Nikakata simu.

Jumatano, 12 Februari

Nimejaribu kusikiliza ule wa zamani. Nimefika kwenye majani nikashindwa. Nani alikuwepo? Nani aliongeza watoto? Labda hakuna aliyeongeza. Sitajua.

Naamini Yesu alifufuka. Hilo bado lipo. Lakini Upendo nilikuwa nimemweka pale kwenye majani, na leo sina pa kumweka. Nina hasira na Eliza. Nina hasira na Bi Zuwena pia, kwa kuwa aliniambia kweli.

Ile sauti sasa naletewa na wengi. Nimewaandikia wote walionitumia: bibi hakusema hivyo, nilikuwepo mimi. Wengine wamenitukana. Mama mmoja aliyefiwa na mwanawe ameniuliza kwa nini nimemnyang'anya. 

Ijumaa, 14 Februari

Bi Zuwena amefariki. Nyumbani, kitandani kwake, siku ya pili tangu atoke hospitali, wanaume wako msikitini. Nilikuwa namchana nywele. Kichwa kikaegemea mkono wangu, nikadhani amesinzia. Safari hii hakurudi. 

Wamemzika kabla ya Magharibi. Wakati wa kumwosha nilikaa nje ya mlango, kwa kuwa si dini yangu. Nikawa nasikia maji. Nilimpenda. Sikujua kiasi gani.

Jumatatu, 17 Februari

Matanga yamekwisha. Jamaa waliokuja kutoka mji wa Sur wameondoka. Bi Asya amekuja jikoni, akakaa kwenye kibao, akaniuliza kwa Kiswahili chake cha kukatikakatika.

"Ile siku ya hospitali, mama kaona nini? Mimi hakuniambia."

Nikamwambia. Ua wa Malindi, mama yake Bi Zuwena, nazi, wali bado. Akauliza kama yeye alitajwa, yeye au ndugu zake. Alikuwa ananiangalia mdomoni. Ningeweza kabisa kusema ndiyo.

Nikamwambia hapana, hakuwataja. Ila hakuogopa, hilo alilisema.

Akalia. Nami nikalia.  Alipoinuka akaniambia nisiondoke kwanza, nyumba itakuwa kimya mno.

Jioni nimemwambia Mungu kwamba sijui Upendo yuko wapi. Sijawahi kumwambia hivyo. Nikamwomba amtunze popote alipo.

Kisha nikaenda kuanua nguo.